Barua ya wazi: Tuulizeni "Mtalala siku ngapi?"

Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii, waheshimiwa wakuu wa mikoa ya Tanga, Pwani, Lindi na Dodoma, wakurugenzi wa halmashauri, na nyote mnaoshika funguo za magofu, mapango na maboma yetu,

YAH: OMBI LA KUHESABIWA KWA USIKU, SI KWA VICHWA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtumishi wa ofisini, wa kawaida kabisa, mwenye siku 28 za likizo kwa mwaka kama sheria ya kazi inavyotaka. Kwa miaka mingi siku hizo zimekuwa zikiishia kwenye misiba, harusi na foleni za benki. Mwaka jana nikaamua vingine. Nilimchukua shangazi yangu, muuguzi mstaafu, mwanamke asiyependa kukimbizwa, tukafunga mabegi mawili. Tukaanzia Tanga, tukashuka Pangani, tukaja Bagamoyo, tukapanda treni hadi Dodoma, tukamalizia Kondoa. Siku kumi na saba. Gari hatukukodi hata siku moja. Yalikuwa mabasi, bajaji, bodaboda, kivuko, na miguu ya shangazi ambayo ina miaka 64.

Safari nzima, kila tulipobisha hodi penye historia, tuliulizwa maswali mawili. La kwanza: "Mko wangapi?" La pili: "Mna gari?" Tukijibu kwamba tuko wawili na gari hatuna, uso wa anayeuliza ulishuka kama tanga lililokosa upepo. Hakuna aliyetuuliza tutalala siku ngapi. Naandika kwa sababu ya swali hilo ambalo halikuulizwa.

Kuna kituo kimoja cha mambo ya kale, sitakitaja, maana kijana tuliyemkuta pale hana kosa. Tulifika saa tisa alasiri. Geti limefungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo amekwenda msibani kijiji cha pili. Kijana akampigia simu, akaniambia: "Anauliza mko wangapi." Wawili. Kimya kidogo. "Anasema kama mngekuwa kundi angekuja." Tukasema si neno, tutalala, tutakuja kesho. Kijana akatutazama kana kwamba tumesema tutaogelea hadi Pemba. Kesho yake tukafunguliwa, likaja suala la malipo: lazima yapite kwenye mfumo, na mfumo unataka mtandao, na mtandao uko juu ya kichuguu mita mia mbili nyuma ya choo. Shangazi alipanda kichuguu kile akiwa ameinua simu kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Kibao cha maelezo, tulipoingia, kilikuwa cha Kiingereza kitupu. Nikakaa nikimtafsiria shangazi habari za wahenga wake mwenyewe.

Nimefikiri sana kwa nini iko hivyo, na sioni uvivu wala roho mbaya. Vituo hivi vimeandaliwa kwa watu wa aina mbili. Yupo mgeni wa nje anayetoka mbugani na dereva wake, ana saa moja kabla ya ndege. Na lipo basi la wanafunzi sitini wanaopita na mwalimu mmoja mwenye kipaza sauti. Kati ya hao wawili tupo sisi, wenye begi, muda na elfu hamsini za siku, na sisi hatuna fomu yetu.

Tanga wana msemo wao, "waja leo waondoka leo". Wenyewe huutia utani: wengi walifika wakisema wanaondoka leo leo, na mpaka sasa wako hapo hapo na wajukuu. Kwenye utalii wetu wa urithi utani umekwisha. Tunakuja leo na kuondoka leo kweli, kwa sababu hakuna kinachotushika.

Chukueni Pangani. Mwenye haraka ataona nini pale? Mto, kivuko, na nyumba zilizochoka. Sisi tulikaa siku tatu. Siku ya kwanza na sisi hatukuona kitu. Siku ya pili asubuhi tulivuka kwenda Bweni, tukakaa chini ya mnazi kutazama mji kutoka ng'ambo, na hapo ndipo ukaeleweka: mji umeegemea mdomo wa mto kama mtu aliyekaa barazani akingoja mzigo. Ndivyo ulivyoishi, kwa kungoja misafara kutoka bara na majahazi kutoka kusi na kaskazi. Siku ya tatu mzee mmoja aliyetuzoea kwa sababu tulikunywa kahawa kwake mara nne alitutembeza. Alitueleza habari za Bushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa hapo hapo Pangani Desemba 1889. Akatuonyesha nyumba moja ya mawe ya matumbawe, chokaa imebanduka, boriti za mikoko zimechungulia nje kama mbavu. Nikamuuliza ya nani. "Ya mirathi," akasema. "Warithi kumi na wanne. Kila mmoja anangoja mwenzake anunue bati."

Kwa siku hizo tatu tuliacha pesa kwa mwenye nyumba ya wageni, kwa mama aliyetupikia samaki wa nazi, kwa bodaboda, kwa muuza kahawa, kwa fundi aliyenishonea kamba ya begi, kwa kijana wa mtumbwi aliyetupeleka juu mtoni. Kwenye kitabu cha wageni cha serikali tulikuwa vichwa viwili, sawasawa na wale waliosimama dakika ishirini, wakapiga picha, wakauliza Tanga ni mbali gani, wakaondoka. Mkipima kwa vichwa, sisi na wao ni kitu kimoja. Kwa usiku tuliolala, wao ni sifuri.

Kutoka Pangani tulirudi Muheza, tukazunguka Segera na Msata kufika Bagamoyo, kwa kuwa njia ya pwani kupitia Saadani kwa mtu wa basi ilikuwa bado bahati nasibu. Najua barabara hiyo inajengwa. Sitaiongelea zaidi. Naomba tu ikikamilika isije ikawa ya kutupitisha Pangani kwa mwendo wa kilomita themanini.

Bagamoyo ilinifanya nisome sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo linangoja tangazo la Waziri. Sasa tembeeni Bagamoyo, Pangani, Kilwa Kivinje, na mhesabu ni nyumba ngapi mnazozipiga picha zilizosimama kabla ya 1863. Miji hii ilinenepa kwa biashara ya pembe na watumwa katika nusu ya pili ya karne ile. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa 1868. Boma la Wajerumani ni la 1897. Milango mingi ya nakshi ni ya wafanyabiashara wa miaka hiyo hiyo. Kaole, kilomita chache kusini, pana msikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi nyuma, pamelindwa bila mjadala. Lakini mtaa wenyewe ambao wapagazi walipita na mizigo yao, huo unaishi kwa hisani ya tangazo. Najua tangazo linaweza kulinda hata mji mzima. Ila tangazo haliezeki paa. Warithi kumi na wanne wa Pangani hawahitaji barua ya kuwakataza kubomoa. Wanahitaji sababu ya kutobomoa, na sababu ninayoifahamu mimi ni mgeni anayelipa chumba ghorofani. Nyumba ya mawe yenye vyumba vitano, ikiwa na watu wa kulala hata miezi sita kwa mwaka, itajinunulia bati yenyewe.

Kilwa nilikwenda peke yangu mwaka uliotangulia, kwa hiyo naitaja kwa kifupi ingawa inastahili barua yake. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika pale mwaka 1331 na akausifia mji. Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani, lipo bado juu ya jabali lake, na birika la pembe nane linalotazama bahari, na ukikaa kando yake jioni utaelewa kwamba sultani aliyejenga pale alikuwa na macho. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakatoka 2014, na hiyo ni kazi yenu ambayo hamsifiwi vya kutosha. Nawasifu. Lakini Songo Mnara inafikiwa kwa maji na upepo, na bahari haina ratiba ya ofisi. Nahodha akisema "leo bahari mbaya, kesho alfajiri," mwenye ratiba ya siku moja anageuza gari kurudi Dar. Mimi nilingoja. Nilingoja usiku mbili, na magofu niliyoyaona siku ya tatu sikuwa na mwenzangu wa kugombania kivuli.

Sasa twende bara, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana mna mali ambayo sidhani kama mmeiona kuwa ni moja.

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda hadi Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikaendelea mpaka Ujiji. Miezi kwa miguu. Ugogo ndiko watemi walikotoza misafara ushuru wa kupita uliokwenda kwa jina la hongo, na leo neno hilo hilo tunalitumia kwa kitu kingine, na wala halijabadilika sana. Treni ya umeme iliyoanza kutupeleka Dodoma mwaka 2024 inafuata sehemu kubwa ya mkondo ule: Kilosa, Gulwe, Igandu. Gulwe ni mlango wa Mpwapwa. Nilikaa dirishani, mahandaki ya Kilosa yakituzimia mwanga na kuturudishia, nikawaza kwamba kati ya mamia ya abiria wa behewa zile huenda hakuna aliyeambiwa amekaa juu ya barabara ya wapagazi. Hata kipande cha karatasi nyuma ya kiti, kwa Kiswahili, kingetosha. Shangazi, aliyekuwa amelala, aliamka Igandu akasema, "Hii imekwenda mbio mno." Ndiye msafiri pekee nchini aliyewahi kuilalamikia treni ya umeme kwa kuwahi.

Dodoma kuna zabibu. Hilo kila mtoto wa shule analijua, na kila abiria amewahi kununua mfuko wake stendi. Kisichojulikana ni jinsi zinavyoishi. Mzabibu wa nchi za baridi hulala majira ya baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Wetu haupati baridi ya kuulaza, kwa hiyo ukivunwa unapogolewa, unachipua, unazaa tena. Mavuno mawili kwa mwaka, moja miezi ya mwanzo, jingine kuanzia Agosti hivi. Ni sehemu chache duniani zinazoweza kusema hivyo. Bonde la Douro kule Ureno liliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na urithi wenyewe ni mashamba ya mizabibu yaliyokatwa ngazi ngazi mlimani. Watu husafiri kutoka pembe zote kwenda kutazama kinachovunwa mara moja kwa mwaka.

Sisi tulikwenda kijiji kimoja upande wa Hombolo kwa bajaji, siku ya mavuno. Mzee mwenye shamba alitupokea kama tuliokuwa tumepotea. Hakuwahi kupata mgeni aliyekuja kutazama tu. Akatupitisha kwenye mistari, nguzo na waya, vichala vyeusi vimening'inia usawa wa kiuno, nyuki wengi, udongo mwekundu unaotimka kwa kila hatua. Akamwonyesha shangazi jicho la kupogoa ni lipi na la kuacha ni lipi. Shangazi ni mtu wa swala tano, mvinyo hajawahi kuugusa, na ndiye aliyefurahi kuliko mimi: alikula zabibu mpaka vidole vikawa vya zambarau, akaomba vipando viwili, akavifunga kwenye gazeti lililolowa maji, akavibeba hadi Kondoa na kurudi. Nawaambia hili kwa sababu nasikia mtu mezani kwenu akisema utalii wa zabibu ni utalii wa walevi.

Nikamuuliza mzee kama naweza kuonja mvinyo hapo. Akacheka. "Mvinyo uko mjini, dukani. Hapa tuna mchuzi tu." Mchuzi wa zabibu, kwa msiojua, ni maji yake yaliyokamuliwa, ambayo mkulima huuza kwa wenye viwanda. Akatueleza shida yake kwa maneno mawili: zabibu haingoji. Ikishaiva ina siku chache, na asiye na mkataba wala tangi huuza kwa bei ya anayekuja na lori. Jioni nilinunua chupa ya mvinyo wa Dodoma mjini. Ilikuwa rafu ya chini, nyuma ya mvinyo wa Afrika Kusini uliopangwa usawa wa macho. Niliunywa kwenye kikombe cha plastiki cha nyumba ya wageni, kilomita kadhaa kutoka ulikozaliwa. Ulikuwa mzuri, wenye utamu kidogo kuliko ninavyopenda.

Serikali ilishaonyesha kwamba inaweza kumtazama mkulima huyu kwa jicho la pekee: ushuru wa bidhaa kwa mvinyo wa zabibu za ndani umewekwa chini kuliko wa mvinyo mwingine. Basi ongezeni hatua moja. Kiwekeni kibali kidogo, cha halmashauri, cha karatasi moja, kinachomruhusu mkulima au ushirika wake kupokea wageni shambani, kuwaonjesha, kuwauzia chupa na jemu, na kulaza wawili watatu. Kisiwe na masharti ya hoteli ya nyota. Choo safi, maji, chandarua, kitanda. Mzee yule akiwa na wageni wanne kwa wiki wakati wa mavuno, zabibu zake zitakuwa na mahali pa kungojea.

Kutoka Dodoma hadi Kondoa ni nusu siku kwa basi, pamoja na kituo cha kuchimba dawa. Michoro ya miamba ya Kondoa iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikaa huku mwaka 1951 akiinakili mmoja mmoja, kazi ya miezi. Sisi tulilala Kondoa mjini, asubuhi tukapanda basi la kwenda Kolo, tukapata mwongozaji wa pale pale kijijini, na hapa lazima niwe mkweli: alikuwa mwongozaji bora kuliko wote wa safari yetu. Alituketisha mbele ya mwamba, akasema, "Msiongee kwanza." Dakika tano za mwanzo niliyoona ni madoa ya kutu. Macho yakazoea. Mkono ukatokea, mwembamba, mwekundu. Kisha kichwa chenye nywele kubwa. Kisha mnyama, kisha mtu mwingine juu ya mnyama, na baada ya nusu saa mwamba ulikuwa umejaa watu ambao walikuwepo muda wote wakitutazama. Wenye magari, akasema, hukaa robo saa. Sehemu hizi bado zina wenyewe, watu huzijia kwa tambiko la mvua na uponyaji, na kijiji kinataka mgeni anayejua kukaa kimya kuliko mgeni anayejua kulipa.

Kwa hiyo ombi langu, nikilikusanya. Toeni tiketi moja ya njia hii yote, pwani mpaka Kolo, inayoishi siku thelathini, ikatwe popote na ikubalike kila geti, hata kama Kilwa mmeikabidhi TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na kwingine kuna taasisi nyingine. Sisi hatujui mipaka yenu, tunajua kuna mlinzi na kufuli. Na tiketi hiyo iwe rahisi zaidi kadiri mtu anavyolala zaidi. Funguo zikae kwa watu wawili, ili msiba wa mmoja usifunge karne nane. Mageti yawe wazi alfajiri na jioni, saa ambazo mawe yanaonekana, badala ya jua la saa saba. Vibao viandikwe Kiswahili kwanza. Waongozaji wa vijijini, kama yule wa Kolo, wapewe vitambulisho na malipo yanayoeleweka. Na kwenye fomu zenu za takwimu, pale penye "idadi ya wageni", ongezeni safu moja ya idadi ya usiku waliolala katika wilaya. Nina hakika mkiiona namba hiyo kwa miaka miwili mfululizo, mengine yote mtayafanya bila barua kutoka kwangu.

Sisi tunarudi Agosti, wakati wa mavuno. Kipando kimoja cha shangazi kilikufa, kimoja kimetoa majani matatu, na ana maswali kwa mzee wa Hombolo. Mkitukuta getini, majibu ni haya: tuko wawili, gari hatuna, tutalala siku nne.

Ni mimi,
Msafiri wa basi, kiti cha dirishani